Alipopanda walisema ni mapepo, aliposhuka wakasema karuho: ginsi ya kutambua ugonjwa wa bipola

Chukua mfano wa kijana wa miaka 22, mkaaji wa Songo hapa Uvira, anayeuza mafuta ya pikipiki kwa chupa kando ya barabara. Si mtu fulani, ni mfano tu, lakini kuna familia nyingi ambazo zitaona mtu wao ndani yake.

Mwezi mmoja anaanza kulala masaa mawili kwa usiku, na asubuhi hana uchovu hata kidogo. Anaongea mbio mbio. Kabla hujamjibu, amekwisha kuingia habari ingine. Anasema atafungua stesheni tatu za mafuta, moja Kalundu, moja Kavimvira, ingine Bujumbura. Anachukua pesa ya likelemba ya mama yake, ananunua simu mbili, moja anaigawia mtu ambaye wamekutana siku ile ile. Mjomba akimwambia atulie, anawaka hasira, karibu wapigane. Siku ya kumi wanamfunga kamba na kumpeleka kwenye chumba cha maombi. «Ni mapepo», watu wanasema. Anapitisha siku tatu bila kula, na usiku ni kukesha. Majuma yanapita, anatulia, na familia inatoa shukrani kanisani.

Miezi mitano baadaye, kijana yule yule haongei. Analala mchana kutwa, ao anakaa macho wazi tangu saa tisa za usiku. Chupa zake ziko pale, hauzi. Chakula anasukuma pembeni, hata ukimwekea bugali na ndagala alizopenda zamani. Anasema yeye ni mzigo kwa watu, heri asingezaliwa. Sasa hakuna anayetaja mapepo tena. «Walimukulisha karuho», jirani ananong'ona, yaani ile sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu wanaiogopa kuliko risasi. Anapelekwa kwa mufumu, anatapishwa. Ikishindikana, ni kituo cha afya: malaria, tifoide, vitamini.

Kila mlango aliopita, alionekana nusu. Wale wa chumba cha maombi walimuona akiwa juu. Mufumu alimuona akiwa chini. Muuguzi hakuambiwa kabisa habari ya stesheni tatu, kwani nani angeona kwamba inahusu homa na kukosa hamu ya kula? Nusu hizo mbili hazikuwekwa pamoja mbele ya mtu mmoja anayejua kuzisoma.

Waganga wanauita ugonjwa wa bipola. Kwenye fishi ya hospitali utaona wameandika «bipolaire», neno lenye maana ya ncha mbili: mgonjwa anapanda juu kupita kiasi, wakati mwingine anashuka chini kupita kiasi, na kati ya hapo anaweza kukaa miezi ao hata miaka akiwa mtu mzima kama wengine. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi nao. Mara nyingi unaanza kwenye miaka ya ujana, kabla ya miaka 25 ao karibu nayo, pale mtu anatafuta kazi, anaoa ao anaolewa. Ndiyo sababu hasara yake inakuwa kubwa: deni, ndoa kuvunjika, masomo kusimama, na jina «kichaa» linabaki hata wakati akili imerudi.

Hakuna kipimo cha kidole

Wakaaji wa Uvira wamezoea vipimo. Mtoto akiwa na homa wanamtoboa kidole, na baada ya dakika chache inajulikana kama ni malaria. Mtu akihara sana, choo kinapimwa kuona kama ni kolera. Kwa bipola kitu kama hicho hakiko. Hakuna damu, hakuna picha ya kichwa, hakuna mashini inayosema ndiyo ao hapana, si Uvira, si Bujumbura, si Ulaya. Mtu akikuuzia kipimo cha kuonyesha bipola, anakula pesa yako bure. Muganga anaweza kuomba damu ipimwe, lakini ni kwa kuhakikisha kwamba si ugonjwa mwingine unaojifanya bipola.

Kipimo chenyewe ni historia ya mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1800 muganga mmoja Mjerumani, Emil Kraepelin, alikuwa akiandika kadi kwa kila mgonjwa wake: ugonjwa ulianza ginsi gani, ulifuata njia gani, miaka ilipopita mgonjwa alikuwaje. Kwa kulinganisha kadi hizo aliona kuna watu wanaopanda na kushuka lakini wanarudia hali yao, na mwaka 1899 aliwatenga na wagonjwa wengine, wale ambao leo wengi wao wangesemwa kuwa na skizofrenia. Hakuwa na mashini. Alikuwa na karatasi, na uvumilivu wa kungojea miaka. Familia yenye daftari na biki inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ile.

Kupanda si furaha tu

Kipindi cha kupanda, ambacho waganga wanakiita mania, kina mambo mawili ambayo lazima yawepo pamoja. La kwanza ni moyo uliobadilika: furaha iliyopita kipimo, kujiona mkubwa, ao hasira ya haraka kwa kila kitu. La pili ni nguvu na shughuli zilizoongezeka. Tena hali hiyo ishike karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa juma moja ao zaidi. Ikiwa ni kali mpaka mtu anapelekwa hospitali, hawangojei juma liishe. Juu ya hayo muganga anatafuta dalili zingine: kulala kidogo bila kuchoka, maneno mengi yasiyokatika, mawazo yanayoruka, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mipango isiyo na mwisho, na vitendo vya hatari kama kugawa pesa, kuuza mabati ya nyumba, kuendesha pikipiki kama mtu asiyekufa, ao kulala na watu ovyo.

Jambo la usingizi linastahili kuulizwa vizuri hapa kwetu. Mvuvi wa ndagala anakesha ziwani na taa zake, na akirudi asubuhi yuko hoi, anatafuta mkeka. Mama aliyekimbia vita anaweza kukosa usingizi sababu ya ndoto za kutisha, na kesho yake anaogopa, anachoka, kichwa kinamuuma. Hao hawajapanda. Mtu wa mania analala masaa mawili na anaamka kama betri iliyojazwa. Kwa hiyo swali la «analala masaa mangapi?» peke yake halitoshi, ongeza lile la «akiamka anachoka?»

Na habari ya maombi je? Mtu anayesema Mungu alisema naye si mgonjwa kwa sababu hiyo. Katika makanisa mengi ya Uvira ni ushuhuda wa kila Siku ya Mungu. Swali ni kama amebadilika kuliko alivyokuwa yeye mwenyewe, na kama hata wenzake wa kanisa wanaona amepita mpaka. Alikuwa muimbaji mtulivu wa koro, sasa anamnyang'anya pasteri mikrofoni na kutangaza kwamba yeye ndiye nabii wa dunia nzima, na halali tangu siku sita. Wachungaji wanaweza kuwa wa kwanza kutambua, sababu wao wanawajua watu wao. Maombi hayamzuii mtu kupelekwa kwa muganga. Kinachodhuru ni kamba, fimbo, kufunga kula na mikesha: kukosa usingizi kunajulikana kuwa kitu kinachoweza kuwasha mania ao kuichochea, basi kumkesha mgonjwa wa namna hii ni kumwaga petroli kwenye moto.

Kuna kupanda kwingine kudogo, ambako kunapita bila mtu kushtuka. Siku nne ao zaidi mtu anakuwa mchangamfu kuliko kawaida yake, anafanya kazi ya watu watatu, anapenda kila mtu, lakini bado anajua anachofanya na nyumba haianguki. Nani atampeleka mtu hospitali sababu anafanya kazi sana? Hata yeye mwenyewe atasema ule ulikuwa wakati wake mzuri. Mtu mwenye kupanda kudogo kama huko, pamoja na vipindi vya kushuka, anahesabiwa kuwa na bipola ya namna ya pili. Mwenye mania kamili, hata mara moja tu maishani, anahesabiwa kuwa na ile ya kwanza, hata kama hajashuka bado, mradi mania ile haikuletwa na ugonjwa mwingine wa mwili ao na dawa ya kulevya.

Kosa linalofanywa wakati wa kushuka

Wengi wanaenda kwa muganga wakiwa chini. Huko chini ndiko wanakoumia, na ndiko wengi wao wanakokaa muda mrefu. Muganga anaona mtu mwenye huzuni ao asiye na hamu ya kitu chochote kwa majuma mawili ao zaidi, mwenye mwili mzito, anayejilaumu, anayekosa kula ao kulala, anayefikiri kifo. Asipouliza kama kuna wakati aliwahi kupanda, ataandika huzuni ya kawaida. Na mgonjwa hatasema mwenyewe: akiwa chini, hawezi hata kukumbuka kwamba alikuwa na nguvu. Katika nchi nyingi, hata zile zenye waganga wa akili kila kona, watu wanapitisha miaka mingi kati ya dalili za kwanza na siku jina la kweli linatajwa.

Kosa hilo si la maneno tu. Dawa za kuondoa huzuni, kama amitriptilini inayouzwa katika famasi nyingi, zikitolewa peke yake kwa mtu wa bipola zinaweza kumrusha juu mpaka mania. Valium nayo inalaza usiku wa leo, haitibu ugonjwa. Ndiyo sababu mtu wa nyumbani akiona ndugu yake «amepona haraka sana», siku chache baada ya kuanza vidonge vya huzuni, anaongea sana na halali, asifurahi: arudishe habari kwa aliyeandika dawa, siku ile ile.

Magonjwa yanayoiga

Kabla ya kusema bipola, muganga anaondoa mengine. Mtu mwenye homa aliyechanganyikiwa, asiyejua yuko wapi ao leo ni siku gani, huyo ni wa hospitali mara moja: inaweza kuwa malaria ya kichwani ao meninjiti, na masaa yanahesabiwa. Mtu wa mania kwa kawaida anajua yuko Songo, na anajua wewe ni nani. Shida yake ni ingine. Kaswende ya zamani na virusi vya ukimwi vinaweza kugusa ubongo, kwa hiyo damu inapimwa. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi inaiga kupanda, ikilegea inaiga kushuka. Watu wa Kivu hawashangai sana kusikia habari ya shingo kuvimba, Idjwi imejulikana kwa shida hiyo tangu zamani. Kanyanga na bangi vinaulizwa bila kumhukumu mtu: je, vilianza kabla ya dalili ao nyuma yake? Wengi wanasemwa «bangi ilimuharibu», kumbe alianza kuvuta akiwa tayari amepanda. Na mtu anayeanza kuwa hivi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 50, muganga atatafuta zaidi ugonjwa wa mwili.

Mama aliyezaa ni habari ya pekee. Katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa, akikosa usingizi hata pale mtoto amelala, akiongea maneno ya ajabu ao akisema mtoto si wake, wasingojee. Ni hali ya haraka sana, na mara nyingi ndiyo alama ya kwanza ya bipola kwa mwanamke. Mtoto asiachwe peke yake naye, na yeye asipigwe wala kulaumiwa.

Daftari la familia

Muuguzi ana muda mfupi, na mgonjwa hawezi kueleza yote. Familia ije na historia iliyoandikwa. Tarehe zinasahaulika, lakini Uvira ina kalenda yake ambayo hakuna aliyeisahau: ilikuwa kabla ya mafuriko ya mto Mulongwe, mwezi wa ine 2020, ao nyuma yake? Wakati ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mwa watu mwaka 2024, alikuwa anafanya kazi ao alikuwa amejifungia? M23 walipoingia Bukavu, mwezi wa pili 2025, alikuwa namna gani? Kwa kila kipindi andika: kilianzaje, kilichukua muda gani, usingizi, maneno, pesa, hasira, na kilipoisha alirudia hali yake ao hapana. Andika dawa zote alizopata, hata zile za mufumu. Uliza pia upande wa baba na wa mama kama kuna aliyewahi «kupatwa na kichwa», aliyejiua, ao aliyekuwa akipanda na kushuka. Ugonjwa huu unatembea katika ukoo, ingawa watoto wengi wa mgonjwa hawaupati kamwe. Hakuna sababu ya kuvunja uchumba kwa ajili ya hilo.

Anayefaa kuja kuongea ni yule anayelala nyumba moja naye. Mara nyingi ni mama ao bibi yake, lakini anayetumwa ni baba mdogo sababu ni mwanaume na anajua Kifaransa. Waje wote wawili. Na mgonjwa naye aulizwe, kwa heshima, tena wakati mwingine akiwa peke yake: kuna mambo hatayasema mbele ya mjomba.

Wa kuanzia ni kituo cha afya ao Hospitali Kuu ya Uvira. OMS ilitoa tangu 2010 kitabu cha kuongoza waganga na wauguzi wasiokuwa wataalamu wa akili, ili waweze kutambua magonjwa kama haya na kuanza matibabu. Kwa wataalamu wenyewe kuna SOSAME ya Bukavu, na ng'ambo ya mpaka kuna kituo cha Kamenge, Bujumbura, vyote viwili kazi ya shirika la Frères de la Charité. Bujumbura ni kilometa karibu 30 tu, lakini mpaka uwe wazi. Bukavu ni mbali zaidi, na vita vimefanya njia ile isiwe ya kuamka asubuhi na kuondoka tu.

Dawa ya zamani zaidi inayoshikilia hali hii ni litiyumu, ambayo John Cade wa Australia alionyesha kazi yake mwaka 1949. Inasaidia sana, hata kupunguza hatari ya kujiua, lakini inataka damu ipimwe kila mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Na kwa mji wa kolera kama Uvira kuna jambo la kujua: kuhara na kutapika vinakausha mwili, na litiyumu iliyobaki ndani inageuka kuwa sumu. Mtu anayeitumia akianza kuhara, ao mikono ikitetemeka sana na kutembea kama mlevi, aende hospitali mara moja na aseme anatumia litiyumu. Pale ambapo maabara haiwezi, waganga wanachagua dawa zingine. Valpuroati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Depakine, inaharibu mtoto tumboni, kwa hiyo msichana ao mama anayeweza kupata mimba amuulize muganga kuhusu hilo kabla ya kumeza. Asikatishe ghafla ile aliyokwisha kuanza, kwani kukatisha ghafla kunaweza kurudisha kipindi kikali.

Akisema anataka kufa, muulize wazi kama amefikiri kujiua. Swali hilo halimpandi wazo kichwani, linamfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, vidonge na sumu za nyumbani viwekwe mbali, na mtu mmoja aongozane naye mpaka hospitali, hata kama ni usiku. Hatari inakuwa kubwa zaidi pale huzuni na nguvu vinachanganyika: moyo uko chini kabisa, lakini mwili hautulii. Mwenye hali hiyo anaweza kuonekana kama ameanza kupata nafuu sababu ametoka kitandani na anatembeatembea uani. Mwangalieni usingizi wake usiku ule, na msingoje kesho kama hajalala.